Darasa la Siku ya Upepo

Darasa la Nne lilikuwa na watoto sabini na wawili na madawati kumi na tisa. Waliokosa dawati walikaa sakafuni, waliokosa sakafu walikaa dirishani, na Ticha alisimama kwenye kipande cha saruji kinachotosha miguu miwili tu, mgongo ukigusa ubao. Sauti ilikuwa imemkauka tangu kipindi cha pili. Hiki kilikuwa cha sita, na chaki mkononi imebaki ndogo kama punje ya mahindi.

Alikuwa akiwafundisha kusimulia jambo lililokwisha kutokea. Alifunga mlango, akauliza kwa Kiingereza amefanya nini, nao wakamjibu kwa Kiingereza, sentensi nzima, kichwa na mkia. Kitabu hakuwa nacho wala picha. Alikuwa na mlango, dirisha, ndoo moja na midomo sabini na miwili.

Jina la Ticha alipewa na majirani siku alipoonekana na begi la chuo kwa mara ya kwanza, na halikumtoka tena. Lakini tusidanganyane, ticha ni mwenye cheti. Bila cheti cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili, hakuna shule ambayo ingempokea, iwe ya serikali au ya mtu binafsi. Alikuwa amefaulu mitihani yote. Kilichobaki ni kimoja: Mkuu wa chuo amkague akiwa darasani, ajaze fomu, aandike kwamba amefaulu.

Chuo kilikuwa mali ya Mkuu. Shule ya msingi iliyo upande wa pili wa ukuta nayo ilikuwa mali yake, na mlango mmoja uliziunganisha. Wanachuo walipita mlango ule kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, bila malipo, maana mazoezi ni mazoezi. Aliyefeli ukaguzi alirudia mwaka mzima wa mazoezi. Na maajabu ya Musa, shule ile haikuwahi kuajiri hata mwalimu mmoja wa Kiingereza.

Ticha alikwisha kufeli mara mbili. Fomu ya tatu ililetwa siku hiyo na karani, akamkabidhi bila kumtazama usoni. Iliandikwa: *Hakumudu darasa. Wanafunzi hawakumwelewa. Arudie.* Chini ilikuwapo sahihi ya Mkuu yenye mkia mrefu. Ticha aliisoma mara moja, akaisoma tena, kisha jicho likapanda juu penye tarehe, likaganda hapo.

Ilikuwa siku ya upepo.

Nani angeisahau siku ile? Asubuhi, kabla ya kengele, upepo uling'oa mabati ya shule nzima ukayabwaga barabarani. Watoto walirudishwa getini, wakaenda kwao. Ticha na wanachuo wenzake walishinda wakiokota mabati na kubeba madawati, na kovu la bati lilikuwa bado kiganjani mwake. Hakuna aliyefundisha hata herufi moja. Mkuu alikuwa amejaza fomu za muhula mzima kwa mkao mmoja, ofisini kwake, akifuata ratiba ya ukutani. Ratiba nayo haikuwa na habari za upepo.

Ticha akavuka mlango mpaka ofisini.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nitasimama tu. Fomu hii inasema ulinikagua siku ambayo shule haikuwa na paa."

Mkuu alivaa miwani, akaisoma bila haraka. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Ticha kuliko yote.

"Ratiba inasema ulikuwa na kipindi."

"Hakukuwa na watoto."

"Basi hukufundisha."

"Siku hiyo hakuna aliyefundisha."

"Mimi nakusikiliza wewe. Wewe mwenyewe unasema hukufundisha. Sasa asiyefundisha anafaulu vipi?" Alimrudishia fomu. "Ukitaka nibadilishe tarehe, nitabadilisha. Matokeo yatabaki yaleyale. Ualimu ni wito, mwanangu. Usiwe na papara."

"Miaka mitatu ni papara?"

"Nikikupitisha leo, kesho Darasa la Nne atakaa nalo nani? Wale watoto wanakupenda."

Alisema hivyo kwa upole, kama baba mtu. Ticha alitoka na fomu yake. Kulia angeweza, alikataa tu.

Nyumbani alimkuta dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki. Dada alifua mashuka ya hospitali, na dawa zilikuwa zimemla vidole mpaka kucha. Alifua ili mdogo wake asije akafua.

"Umefaulu?"

"Nimefeli."

Dada alitua beseni. "Wewe, ambaye watoto wa mtaa mzima wanakuja kujifunza kwako?"

"Nitamwangusha yule mzee, dada."

"Hasira hasara, mdogo wangu."

"Hasara ninayo tayari. Imebaki hasira."

Dada aliinama akaokota kipande chake cha sabuni.

Wiki nzima Ticha aliwazungukia wanachuo, mmoja baada ya mwingine. Kumi na mmoja walikuwa na fomu za siku ya upepo. Huyu eti alizungumza kwa sauti ndogo mno, yule eti alipanga ubao vibaya. Ubao upi, nao ulikuwa umelala chali uwanjani? Walicheka mpaka wakatokwa machozi, kisha kicheko kikaisha chenyewe. Kila mmoja akampa fomu yake. Ticha alizitia zote kwenye bahasha, bahasha ikakaa ndani ya begi, na begi halikumtoka begani hata alipokwenda kuchota maji.

Habari ikamfikia Pacha. Wasichana hawa hawakuwa ndugu; waliitwa mapacha kwa sababu walikalia dawati moja chuoni miaka miwili na kula sahani moja. Pacha alirudia mara moja, mwaka uliopita akapita, sasa alikuwa mwalimu katika shule kubwa yenye vioo madirishani. Alikuja na viatu vipya, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Cheti changu kimesainiwa na nani?" aliuliza.

"Na yeye."

"Kwa hiyo unajua. Ukimwangusha yeye, unaniangusha na mimi. Nina mtoto, Ticha. Ngoja basi nithibitishwe kazini."

"Lini?"

"Mwakani."

"Mwakani nitakuwa nimefeli mara ya nne."

"Nikuombe vipi? Nipige magoti?"

Ticha alimpenda Pacha, hilo lisiwe na ubishi. Lakini aliviangalia viatu vile, na alichokihisi hakikuwa huruma. Kilikuwa wivu, naye mwenyewe alikijua kwa jina.

"Akutendaye mtende," alisema.

"Mche asiyekutenda. Mbona methali unaikata katikati? Mimi nimekutenda nini?"

Ticha alilivutia begi kifuani.

Wakaguzi wa wizara walitangaza kuja Jumatano. Jumatatu na Jumanne wanachuo walipaka chokaa, wakafyeka majani, wakaazima madawati kwa watu. Mkuu akahitaji darasa la kuwaonyesha wageni, akamchagua nani? Mwanachuo aliyeshindwa kumudu darasa mara tatu. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Usiniaibishe, mwanangu," alimnong'oneza mlangoni. "Ukifanya vizuri leo, tutaongea habari za ile fomu."

"Ndiyo, Mkuu."

Mkaguzi aliyeletwa darasani alikuwa mama wa makamo mwenye kalamu mbili kifuani. Alikaa nyuma kabisa, akabanana na watoto kwenye dawati. Ticha alifundisha. Jamani, mtu yule alifundisha. Alimwaga maji ya ndoo, akafungua dirisha, akauvunja ufagio makusudi, na kwa kila tendo mikono sabini na miwili iliruka juu. Hata mtoto asiyefumbua mdomo siku zote alisimama akasema sentensi yake mpaka mwisho. Mkuu alisimama kando ya ubao, kifua mbele, kana kwamba maneno yale yalikuwa yakitoka kinywani mwake.

"Nimezunguka shule nyingi," alisema mkaguzi akiinuka. "Sijaona kipindi kama hiki. Cheti chako ulikipata lini, mwalimu?"

"Sina cheti, mama."

"Huna?"

"Nimefeli mara tatu. Sababu zimo humu." Akatoa bahasha.

Mkaguzi alizisoma fomu zote kumi na mbili. Mkuu alicheka kidogo. "Makosa ya karani hayo, mama. Tarehe zilichanganyika."

Ticha aligeukia darasa. Akawauliza kwa Kiingereza nini kilitokea siku ya upepo.

Mikono ikaruka. Msichana wa dirishani akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba upepo uliondoa paa. Mwingine akasema kwamba wote walirudi nyumbani. Wa tatu, aliyekuwa amebaki getini akichungulia, akasema kwamba mwalimu wao alikatwa na bati mkononi, na Mkuu alikaa ndani ya gari, vioo akavifunga. Sentensi nzima, kichwa na mkia.

Jasho lilimtiririka Mkuu toka kipajini mpaka kwenye ukosi wa shati. Ticha alimkazia macho wala hakupepesa. Sura ile alikuwa ameingoja miaka mitatu. Ilikuwa tamu, akaila yote, hakumbakishia mtu.

Mkaguzi alimshika mkono. "Nchi inahitaji watu kama wewe, binti yangu."

Baada ya wiki tatu barua ya wizara ilibandikwa getini. Chuo kimefutiwa usajili. Vyeti vyote vilivyosainiwa na mkuu wake si halali. Mazoezi yote ya kufundisha yaliyofanyika chini yake hayatambuliwi. Wahusika waanze upya katika chuo kinachotambuliwa. Ticha aliisoma mpaka kwenye muhuri, akitafuta Mkuu amefanywa nini. Hakuona neno.

Pacha alifukuzwa kazi siku ya tatu. Ticha alikwenda kwake, akabisha hodi, mtoto akafungua.

"Mama amesema hayupo," alisema mtoto.

Wizarani, karani wa dirisha la tano alimwambia kwamba chuo kinachotambuliwa upande ule ni kimoja tu, kimesajiliwa juzijuzi. Akamwandikia maelekezo kwenye karatasi. Ticha aliyasoma akiwa ngazini. Njia ile angeipita macho yamefungwa.

Geti lilikuwa lilelile. Kibao kilipakwa rangi ya buluu, na herufi za jina la zamani zilichungulia chini ya jina jipya. Mkuu wa chuo sasa alikuwa mke wa Mkuu, mama ambaye hakuna mwanachuo aliyewahi kumwona. Foleni ilianzia uwanjani. Ticha alijipanga. Punde mtu akaja akasimama nyuma yake bila salamu, na Ticha alipotazama chini aliona ndala zilizokatika kamba, zimefungwa kwa waya. Hakugeuka.

Ndani, kwenye kiti kilekile, alikaa Mkuu. Cheo chake sasa kilikuwa mshauri.

"Shikamoo," mdomo wa Ticha ulisema wenyewe, kwa mazoea.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Yaliyopita si ndwele." Akamsogezea fomu ya kujiunga. "Jaza hapa. Mazoezi yanaanza Jumatatu. Darasa la Nne halina mwalimu."

Aligeuka kutafuta muhuri kabatini. Pale alipokuwa ameegemeza kiwiko palikuwa na rundo la fomu za ukaguzi. Nafasi za majina zilikuwa tupu. Tarehe zilikwisha kujazwa, za muhula mzima ambao haujaanza, na kwenye kila moja neno lilikuwa limeandikwa tayari: *Arudie*. Sahihi ilikuwa ya mkewe, nayo ilikuwa na mkia mrefu vilevile.

Ticha alichomoa moja ya katikati. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Kisha akashika kalamu akaandika jina lake, taratibu, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Ng'ambo ya ukuta Darasa la Nne lilikuwa likipiga kelele peke yake.

Mkuu akagonga muhuri.

"Mwingine," akaita, na Pacha akaingia.