Soksi ya Mama Mkwe Chini ya Boneti

Cephas alikuwa ameapa mbele ya shemeji zake wote pale Migori kwamba mama mkwe wake, Mama Awino, hatapanda tena lori la mwanawe Maurice na kuketi juu ya magunia ya sukari nguru kama mzigo. Yeye, mwalimu mkuu, mtu aliyelelewa katika bweni ambako viatu vilikaguliwa kila asubuhi, angemfikisha Homa Bay kwa gari lake mwenyewe, kabla meli ya kwenda Mfangano kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa haijang'oa nanga. Maurice alicheka, akasema atawafuata nyuma ili aokote watakaomwagika njiani.

Walikuwa wameipita Rongo mvuke ulipoanza kufoka kwenye boneti. Cephas alizima injini upesi, akashuka.

"Mtu yeyote asiguse kifuniko cha rejeta!" alitangaza, uso ameuelekeza kwenye shamba la miwa, kwa maana haikuwa adabu kumtazama wala kumsemesha ana kwa ana mama aliyemzaa mkewe. "Filister, mwambie mama kwamba maji yanachemka. Kifuniko kikifunguliwa sasa yataturukia usoni."

Filister, mkewe, alimgeukia mama yake, aliyekuwa kiti cha nyuma na amesikia kila neno. "Mama, mwalimu anasema unyamaze."

"Sikusema hivyo!"

"Mwambie," alijibu Mama Awino, akitazama upande mwingine, "mimi nilinyamaza tangu Migori. Aliyekuwa akihubiri ni yeye."

Walingoja mpaka injini ikapoa. Cephas alizungushia kifuniko kitambaa, akakilegeza kidogo kidogo, kisha akaongeza maji taratibu, maana chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi kwa pupa hupasuka. Akaikagua mipira ya maji, ilikuwa mizima. Akachomoa kijiti cha oili. Haikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, basi maji hayakuwa yamepenya ndani yake na gasketi ilikuwa imesalimika. Ndipo alipouona mkanda wa feni, umekatika. Asubuhi ile alikuwa amekagua oili, maji na magurudumu. Mkanda hakuukagua, wala hakuwa na mwingine.

"Soksi ndefu ya nailoni, ikifungwa badala ya mkanda, ingetuvusha," alisema, akajuta hapo hapo. Ndani ya gari lile kulikuwa na jozi moja tu ya soksi za namna hiyo, nayo ilikuwa miguuni mwa Mama Awino.

"Mama, mwalimu anaomba soksi yako."

"Filister! Sijaomba!"

"Basi tumngoje Maurice."

Kisha nyuma ya Cephas kukasikika mchakacho wa nguo, naye akafumba macho kama mtu aombaye. Kwa kuwa vazi la mama mkwe haliguswi na mkwe, alisimama akiligeuzia gari mgongo na kutoa maagizo kama asomaye imla. "Zungusha kwenye puli ya injini, kisha ya pampu ya maji. Kaza. Fundo liwe dogo."

Filister alikuwa amemaliza tu lori lilipotokea.

"Shemeji, gari limeiva?" Maurice alipaza sauti. "Ungesema mapema, ningeleta chumvi! Mama, njoo. Hata magunia yamekuulizia."

Mama Awino alikwisha kushuka na kukanyaga ngazi ya lori. Lakini mama akasita, akautazama mguu wake mtupu.

"Soksi yangu itolewe."

"Imekazwa, Mama," Filister alisema kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake. "Itatoka kwa kisu tu, halafu mwalimu hataenda popote. Au umwachie."

"Vazi langu azunguke nalo Migori nzima? Wuololo!" Mama Awino alirudi garini, akafunga mlango kwa kishindo. "Iliko soksi yangu, nami nipo."

Wakaenda mwendo wa polepole, wakisimama mara kwa mara kutazama maji. Nyuma yao Maurice alipiga honi bila kukoma, lakini Cephas alishika katikati ya barabara, kosa ambalo kwa mtu mwingine angelikemea vikali, na hakumpisha.

Gatini Homa Bay, meli ilikwisha kupiga king'ora. Mama Awino alisimama mbele ya boneti, hatikisiki.

"Injini ya moto haiguswi," Cephas aliyaambia maji ya ziwa.

"Mama anasema haondoki bila vazi lake," alisema Filister.

King'ora kikalia tena. Mwalimu mkuu akafungua boneti, akakata fundo kwa kisu, akalinasa lile vazi kwa koleo. Akalinyosha mbali na mwili wake, jeusi kwa grisi, likifuka moshi kidogo, huku shingo ameigeuzia ziwani. Akina mama waliojaa ukingoni mwa meli waliangua kicheko.

Mama Awino aliipokea soksi, akaikunja vizuri, akaitia mkobani.

"Filister," alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye lori, "mwambie mwalimu kwamba gari lake limenifikisha."

Cephas alifunga boneti kwa utukufu, akajipangusa mikono, akangoja meli iondoke. Baada ya hapo ndipo alipokumbuka kwamba hana mkanda wa kumrudisha Migori, na kwamba kamba ya kuvutia magari ilikuwa ndani ya lori la shemeji yake.