Gunia la Mbegu

"Sukari imepanda tena, mama," Doris alisema. Aliweka kikombe mbele ya mama mkwe wake na kurudi jikoni kabla hajaulizwa la pili.

Scolastica akaionja chai ile. Yalikuwa maji ya moto yenye rangi. Sukari imepanda, haya, tukubali. Yeye alikuwapo enzi za kupanga foleni dukani kwa kilo moja ya sukari, na alikuwapo maduka yalipofunguliwa kila mtu akauza anachotaka kwa bei anayotaka, kwa hiyo kupanda kwa sukari hakukuwa habari kwake. Lakini maziwa nayo yamepandia wapi, katika nyumba yenye ng'ombe anayekamuliwa asubuhi na jioni? Aliinuka akaenda kuchungulia ndoo. Ilikuwa imekwisha kwenda kwa mnunuzi, yote, hata kikombe cha mtoto Judith hakikubakizwa.

Haikuwa chai peke yake. Mche wa sabuni siku hizi ulikatwa kwa uzi vipande sita, na kila kipande kina wiki yake. Maharage yaliliwa bila mafuta. Mayai yaliondoka nyumbani yangali na joto la kuku. Kila mwisho wa mwezi Doris alikwenda Katesh kwa shughuli ambayo hakuitaja, na akirudi alishukia njia panda, kilomita nne zilizobaki akazipiga kwa miguu juani ili asilipe bodaboda. Alifika amechoka, vumbi hadi magotini, na usoni ana kitabasamu. Hicho kitabasamu ndicho kilichomnyima Scolastica usingizi. Mtu anayebana matumizi kwa shida hatabasamu.

Mwanawe Felician alikuwa muashi Babati. Tangu mji ule ufanywe makao makuu ya mkoa mpya, miaka tisa sasa, watu walijenga usiku na mchana na mafundi hawakukosa kazi. Kila mwezi alituma pesa kwa simu. Simu yenyewe ilikuwa ya Doris, ujumbe aliusoma Doris, na pesa alizitoa Doris. Mama mzazi alibaki kuambiwa kwamba baba Judith anamsalimia.

"Mwanamke anayebana hivyo ana safari," alisema jirani yake Oliva, walipokutana kisimani.

"Safari ya wapi?"

"Mimi sisemi kitu. Ila mwezi wa saba nilipita Tumati, kwao. Wanaezeka. Bati mpya, mama, zinaumiza macho." Oliva akajitwisha ndoo yake. "Mimi sisemi kitu," akarudia, baada ya kuyasema yote.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Scolastica alirudi nyumbani na maneno yale yakiwa mazito kuliko ndoo.

Alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyethubutu kumnyang'anya: maharage. Ndiye aliyeyapura, akayapepeta, akayachambua kwenye ungo punje kwa punje. Akizamisha mkono guniani hadi kwenye kiwiko aliweza kukuambia limepungua vikombe vingapi tangu Jumapili. Gunia la mbegu ndilo lililotunzwa kuliko yote. Mbegu ilichanganywa na majivu, mdomo ukashonwa, na gunia halikufunguliwa hadi mvua. Wengine ndivyo wanavyofanya. Scolastica yeye alilifumua kila mwezi wa kumi, kimyakimya, akanusa kama fukusi wameingia, akalishona tena. Hakumwamini hata fukusi.

Mwaka ule alipozamisha mkono, vidole vilikutana na kitu laini. Akakivuta. Mfuko wa nailoni, umekazwa kwa mpira, na ndani mna noti zilizochakaa, ndogo kwa kubwa, zimefungwa elfu kumi kumi. Alizihesabu mara tatu. Laki mbili na elfu tisini.

Alikaa chini, majivu yamemfika mabegani. Kumbe! Sukari yake ilikuwa humu. Maziwa ya mjukuu wake yalikuwa humu. Jasho la mwanawe lilikuwa linangoja siku ya kupanda gari kwenda kuwa bati Tumati. Alikasirika, lakini chini ya hasira palikuwa na raha, lazima isemwe, raha ya mtu aliyeshuku kwa muda mrefu na hatimaye akathibitisha.

Angepiga kelele? Doris angelia, Felician angepigiwa simu, na mtoto wa kiume akiwa mbali humsikiliza mwenye simu. Hapana. Pesa ilipaswa kwenda mahali ambapo hakuna mke wa mtu angeifikia, na Scolastica alijua mahali pamoja tu pa namna hiyo. Pesa huibika. Ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki haibiki, maana hakuna anayejua yuko wapi.

Rafiki alikuwa Gidahosh, mfugaji wa Kibarbaig wa kule bondeni. Marehemu mume wake Akonaay na Gidahosh walipeana mifugo tangu ujanani, na Akonaay alipofariki, miaka minane nyuma, Gidahosh alipanda mlima kwa miguu akakaa msibani siku nne bila kuuliza chakula kiko wapi. Katika watu wote waliobaki duniani, huyo peke yake Scolastica hakuwahi kumshuku.

Siku ya mnada walikwenda pamoja. Gidahosh alizunguka kati ya mifugo, akapapasa migongo, akatazama nyonga, hatimaye akasimama mbele ya mtamba mwekundu mwenye mimba changa. "Huyu," akasema. Laki mbili na sitini. Salio Scolastica alilifunga kwenye pindo la kitenge na hakuligusa. Walipofika bomani, mke wa Gidahosh alimpaka mtamba samli kwenye paji la uso, na yule mnyama akaingia kundini.

"Hadi azae," alisema Gidahosh.

"Hadi azae," Scolastica alijibu.

Maneno hayo ndiyo mkataba wenyewe. Ng'ombe akishapokelewa hivyo, mwenyewe haji kumtazama wala kumuulizia hadi atakapozaa. Kuja kabla ni kumwambia rafiki yako usoni kwamba unamdhania mwizi.

Wiki tano zikapita. Scolastica alikunywa chai isiyo na sukari kwa utulivu mkubwa. Mara moja moja alimtazama mkwe wake akikata sabuni kwa uzi, akacheka moyoni.

Mwisho wa Novemba mawingu yalianza kukaa juu ya mlima Hanang. Jumatatu mchana Scolastica alirudi kutoka shambani akakuta gunia la mbegu limemwagwa lote kwenye mkeka. Doris alikuwa amepiga magoti katikati ya maharage, mweupe kwa majivu hadi kwenye nyusi, anachambua kwa mikono miwili kama kuku anayeparua.

"Mbegu zimekukosea nini, mama Judith?"

"Naangalia fukusi, mama."

"Umewaona?"

Doris aliendelea kuparua pale alipokwisha kuparua. Kisha mikono ikasimama, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti, yakichora mistari kwenye majivu.

"Mama, kuna mtu aliingia humu ndani?"

"Umepotelewa na nini?" Scolastica aliuliza. Alikuwa ameingoja siku hii, na aliitaka ipite polepole.

"Nyumba," alisema Doris. "Nimepoteza nyumba."

Akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi, miezi na miezi, zimepangwa kwa tarehe. Chini kabisa palikuwa na karatasi ndefu ya chama cha mikopo cha Katesh. Scolastica hakujua kusoma. Lakini pale chini ya maandishi alikiona kidole gumba chake, na kile kistari cha kovu la mundu kimekikata katikati. Miaka miwili nyuma Felician alikuja na kidau cha wino. Ya kuandikisha shamba, mama, alimwambia. Bonyeza hapa.

"Alikopa ya kujengea," Doris alisema. "Hizi kuta, hili paa unalolala chini yake. Hati ya shamba na nyumba iko kwao. Rejesho nalipa kila mwezi, lakini wamesema nikiongeza juu ya rejesho, deni linapungua upesi na riba nayo inapungua. Ndiyo nikawa nabana, mama. Sukari, sabuni, yote. Imebaki laki mbili na themanini. Nikiipeleka kabla ya Ijumaa tunamaliza, riba ya mwaka mzima haipo, hati inarudi."

"Na usipoipeleka?"

"Kazi ya Babati imekwisha. Felician anarudi mikono mitupu. Mwaka mzima wa marejesho tutalipa na nini?" Akajifuta uso, majivu yakazidi kuenea. "Watauza shamba. Na baba amelala humo."

Kaburi la Akonaay lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Scolastica alilitazama, kisha akaitazama tena ile alama ya kovu lake. Kidole hakimsingizii mtu.

"Usilie," alisema. "Pesa nilichukua mimi."

Akamweleza yote, na sauti yake haikuwa na ile raha aliyoitunza wiki tano. Doris hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ndiyo maana Felician alisema tusikuambie," alisema polepole. "Alisema, mama hataamini ni deni, atasema tunamla. Mimi nilibisha. Nilisema mama si mtu wa hivyo."

Hilo lilimuuma Scolastica kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa. Mtu mmoja katika nyumba ile alimdhania mema, na huyo ndiye Scolastica aliyemwibia.

Jumatano alfajiri aliteremka bondeni. Mnada ulikuwa kesho yake. Njia nzima alitafuta maneno ya kumwomba Gidahosh ng'ombe bila kumwomba, na hadi anafika hakuwa ameyapata. Ng'ombe walikuwa bado zizini, wanangoja kutolewa malishoni. Mke wa Gidahosh alimwona, akatabasamu, akaingia ndani kuchukua kibuyu cha maziwa.

"Shemeji," alisema Gidahosh. "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Nimemfuata mtamba."

Gidahosh alimtazama. Alikuwa mrefu, na uzee ulikuwa umemkausha bila kumkunja. "Hajazaa," alisema.

"Najua."

"Nani amekuambia ninakula ng'ombe za watu?"

"Hakuna! Shemeji, wewe sikushuku. Nilimshuku mke wa mwanangu. Pesa ile ilikuwa yake, niliiba nikidhani naokoa, na sasa shamba linauzwa." Aliyasema yote kwa pumzi moja, mikono ameikunja mbele kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Katika miaka yake sitini na minane hakuwahi kujiona mdogo kiasi kile.

Mzee yule akachukua fimbo, akaingia zizini. Alimgusa mtamba mwekundu. "Huyu wako." Akamsukuma kuelekea mlangoni. Scolastica akaandaa kamba, lakini Gidahosh alikuwa hajamaliza. Akamgusa ng'ombe mweusi mzee, pembe moja imekunjika.

"Na huyu. Akonaay alimleta mwaka ule wa njaa. Huyu ni binti yake. Huyu dume, mjukuu wake."

Wakasimama wanne mlangoni. Scolastica hakuelewa, halafu akaelewa, na swali likamtoka likiwa na meno kabla hajaweza kulizuia.

"Mbona hukuniambia? Miaka minane!"

"Akonaay alisema nimngoje Felician aje na tumbaku ya heshima, aulize mwenyewe. Nilikuwa namngoja."

Scolastica alitamani kulimeza lile swali, lakini lilikwisha kutoka. "Mmoja ananitosha," alisema. "Hawa wengine waache hapa. Tafadhali, shemeji. Kama zamani."

"Anayekuja kumtoa ng'ombe kabla hajazaa amekuja kuhesabu." Gidahosh hakusema kwa hasira, na ndiyo maana hapakuwa na pa kushika. "Sasa umehesabu. Nenda nao."

Mke wake alikuwa ametoka na kibuyu. Aliwasikiliza, akamtazama mumewe, akakirudisha ndani. Scolastica aliondoka katika boma lile na kinywa kikavu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea yeye wala mumewe.

Ng'ombe hawakutaka kwenda. Walilia kuelekea nyuma, na kundi likawajibu kutoka zizini, hadi njia ilipoanza kupanda. Mmoja tu akiuzwa kesho mnadani, hati ingerudi, na watatu wangebaki. Usiku ule angeweza kumwambia Doris kwamba wamepona, na lingekuwa kweli. Alijaribu kufurahi. Akawapanga mbele yake kwa fimbo, akawahesabu ili asipoteze mmoja vichakani: mwekundu, mweusi, binti, dume. Wanne.

Ng'ombe mzee hivyo, aliyezaa tangu mwaka wa njaa, ana binti mmoja tu?

Wazo lilipita lenyewe, hakuliita. Alisimama katikati ya njia, aibu imemshika, akageuka nyuma. Kule chini jua lilikuwa limekwisha kuchomoza vizuri, saa ambayo kila boma la bondeni hufungulia mifugo. Gidahosh alikuwa anavuta matawi ya miiba, moja baada ya jingine, anaziba mlango wa zizi, na ng'ombe wake bado wamo ndani, kama siku ya msiba.