Kitu cha Kusamehe

Mama yangu hakuwa mkaidi. Nasema hivi mapema kwa sababu pale Misiera, kijiji chetu ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, jina alilozikwa nalo ni hilo: Madeleine mkaidi, mwanamke aliyekataa kusamehe. Waliompa ni watu wa maombi, na watu wa maombi wakishakuvisha jina, hata ukifa hawakuvui.

Kanisa letu la Wakongomani wa Kivu Kusini lina desturi yake. Jumamosi inayotangulia Meza ya Bwana tunakutana kupatana. Mwenye neno na mwenzake anasimama mbele, wanapeana mikono, wanatamka "nimekusamehe," kisha sote tunaimba. Asiyetoa mkono hali mkate. Anakaa benchi la nyuma, pamoja na wasichana waliopata mimba na wanaume walioonekana wamelewa mjini Kaberebere. Hawekewi mikono akiugua, na akifa akiwa bado kwenye benchi hilo, kanisa haliendi kumzika. Pasta Ulrich, kijana ambaye suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata siku za vumbi, alikuwa na mstari wake wa Biblia kwa jambo hilo: msimamapo na kusali, sameheni. Sina ugomvi na mstari. Nilikuwa naukariri kabla yeye hajaota ndevu.

Mama alikaa benchi la nyuma miaka minne kwa ajili ya mtu mmoja, Adolphe.

Huyo Adolphe alikuwa jirani yetu kule kijijini, Mwenga. Mwaka 1998, vita vilipotupandia milimani, watu wenye bunduki walikuja nyumbani wakamchukua baba yangu, Byamungu, awabebee mizigo. Adolphe alikuwa pamoja nao, kijana asiye na mke, gunia kichwani. Baba hakurudi. Adolphe naye hatukumwona tena, hadi mwaka 2010 aliposhuka kwenye lori pale Base Camp, penye ofisi za kambi, na mke na watoto. Alikuja kanisani kwetu, akaimba kutushinda sote, na mwaka haukuisha akawa shemasi.

Jumamosi yake ya kwanza ya kupatana alisimama mbele akafungua mikono yote miwili.

"Kama kuna mutu nilimukosea kule nyumbani, kwa kujua ao kwa kutojua, anisamehe."

Watu walilia. Hata mimi nililia. Nikaenda nikampa mkono, maana nilikuwa nimechumbiwa na sikutaka harusi yangu iingiliwe na maneno. Mama hakunyanyuka. Alimuuliza kutoka pale pale alipokaa:

"Adolphe, bwana yangu balimuzikia wapi?"

Adolphe akainamisha kichwa. Pasta Ulrich, akimwita kwa jina langu, akasema, "Mama Nathalie, hapa tunasamehe, hatuulize." Kisha akawapa ishara wapiga ngoma.

Tangu siku hiyo ilikuwa hivyo hivyo. Kila ilipofika zamu ya kupatana, Mama anauliza, na jibu lake ni ngoma.

Nyumbani nilimgombeza, nakiri wazi. Nilikuwa nimechoka kuwa binti wa mwanamke wa nyuma. Asubuhi akisali Baba Yetu, akifika kwenye "kama sisi nasi tunavyowasamehe" alifunga mdomo, akangoja maneno yale yapite, ndipo akaendelea na majaribu na yule mwovu. Kimya kile kiliniudhi kuliko kelele.

"Mama, si useme tu neno moja, yaishe?"

"Nimudanganye nani? Mungu?" Alikuwa anachambua maharage, hakuniangalia. "Miye sikatale kusamehe. Huyu mutu anaomba nimusamehe 'kama'. 'Kama' ni kitu gani? Alete kitu, nikione, nikipime na nguvu yangu. Pengine nitakiweza, pengine hapana. Lakini nisamehe fasi hakuna kitu?"

Nilimwona mtu wa kupenda maneno. Mungu anisikie, nilimwambia hivyo.

Mwaka 2014 miguu yake ilianza kuvimba, na pumzi ikawa ya kuhesabia. Zahanati ya Base Camp ikatutuma hospitali kubwa ya Mbarara. Daktari akasema moyo umechoka, hauna tena nguvu ya kusukuma damu. Nikampigia simu dada yangu, dada yangu akamwambia jirani, na habari ilipofika kanisani ilikuwa imeshanona njiani: daktari amefungua mashine, ameona moyo wa Madeleine umejaa sumu ya chuki. Walioisambaza hawakuwa wabaya wote. Baadhi yao walituletea unga.

Basi pale wodini nilianza kumbembeleza upya. Nilijua anakufa. Nilitaka awekewe mikono kama wagonjwa wengine, na akiondoka azikwe kwa nyimbo, asifukiwe kama mtu asiye na kwao. Kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko mambo ya zamani. Asubuhi nilimwambia samehe, jioni nikamwambia samehe, uji nikimnywesha nikamwambia samehe.

Kitanda cha pili alikuwepo Gorret, mke wa mwanajeshi wa kambi ya Mbarara, akimuuguza mama mkwe wake. Kiswahili chake alikiokota kwenye nyumba za askari, na alikisema bila kuogopa mtu.

"Wewe dada, wacha mzee apumzike," aliniambia siku moja. "Kila siku wewe nasema samehe, samehe. Kwani yeye ndiyo iliua mutu?"

Nilitoka nje nikasimama karibu na mabomba ya kufulia, nikiwa nimekasirika, na hasira ile ilipopoa niliona kwamba yule mwanamke wa watu, asiyetujua, alikuwa ameuliza jambo ambalo mimi sikuwahi kuliuliza. Nikampigia simu Adolphe. Nilimpita pasta makusudi. Nikamwambia, "Mama anaenda. Kuja umujibu."

Alikuja kesho yake mchana. Lakini hakuja peke yake, alikuja na Pasta Ulrich, na pasta alikuja na kichupa cha mafuta ya kupaka wagonjwa.

"Mama Nathalie," pasta alianza, akiinama juu ya kitanda, "tumekuja kukuombea. Lakini maombi ina mulango, na mulango ni kusamehe. Useme tu neno, niweke mikono."

Mama hakumtazama. Alimtazama Adolphe.

"Adolphe, bwana yangu mulimuzikia wapi?"

"Mama," pasta akaingilia, "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Methali ya ndwele, kitandani kwa mgonjwa! "Pasta, nyamaza," nilisema. Sikujua kama ninaweza kusema hivyo kwa mtumishi wa Mungu. Alinyamaza, na paa halikutuangukia.

Adolphe alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Akasema:

"Hatukumuzika, Mama."

Mama akangoja.

"Alianguka na muzigo, fasi ya kupandisha mulima. Akashindwa kuamuka. Bakamupiga risasi. Bakatuambia tuendelee."

"Nani alimufunika?"

"Hakuna."

"Hata na majani?"

"Hata majani, Mama."

Mama alifumba macho. Nilidhani imetosha, nikataka kumtoa Adolphe nje, lakini yeye akaendelea kama mtu aliyeanza kutapika, hawezi kujizuia.

"Na ile siku balikuja kwenu, miye njo nilibaonyesha nyumba. Balisema nikibapatia mutu mwenye nguvu, bataniacha niende. Habakuniacha. Na viatu. Alipokufa, nilimuvula viatu. Vyangu vilikuwa vimepasuka."

"Vile nilimununulia Bukavu?"

"Vile."

Mama alifumbua macho. Alimtazama miguuni.

"Vilikuenea?"

"Vilikuwa vikubwa, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali. Baba alikuwa mtu wa miguu mikubwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi tulikuwa tunamzungumzia kama mtu aliyekuwa na miguu. Nililia kwa uchungu mpaka Gorret akaja kunishika bega. Nilimchukia Adolphe wakati ule. Nilimchukia kwa kitu kizima, si kwa "kama".

"Sasa umeleta kitu," Mama alimwambia. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Ni kizito. Leo sitakiweza. Rudia kesho."

"Mama, kesho si yako!" Pasta Ulrich alisema. "Useme leo, muda ungalipo."

"Kesho," Mama alisema, akageukia ukutani.

Pasta akarudisha kichupa mfukoni. Hakukifungua. Alikuwa amesafiri kutoka Nakivale mpaka Mbarara na mafuta yale, akasimama hatua moja kutoka kwa mwanamke aliyevimba miguu, akarudi nayo.

Mama alikufa kabla jua halijachomoza. Gorret ndiye aliyenisaidia kumfumba macho na kumfunga kitenge. Asubuhi Adolphe alikuja, peke yake safari hii, kama alivyoambiwa. Alikuta godoro tupu, shuka zimeshaondolewa. Alisimama pale akilitazama godoro.

Uamuzi wa kanisa ulitufikia kwa simu kabla hatujaondoka Mbarara. Mama Madeleine amekufa bila kutoa msamaha, akiwa chini ya adhabu, kwa hiyo kwaya haitakwenda na pasta hatasoma neno. Wanaotaka kuzika waende kama majirani. Niliuliza, na Adolphe? Nikaambiwa Adolphe ameungama yote, amekuwa kiumbe kipya, Jumapili atagawa mkate kama kawaida. Kwa hiyo aliyemvua maiti viatu alikuwa safi, na aliyeomba siku moja ya kufikiri alikuwa mchafu. Nimejaribu kuielewa hesabu hiyo kwa magoti na kwa kufunga. Inanitia kinyaa.

Tulimzika kwenye makaburi ya kambi. Majirani walikuja, wengi wao wanakwaya, wamevaa nguo za kawaida na hawajui wafanye nini na midomo yao. Kazi ya kuchimba ni ya vijana wa kanisa, na vijana hawakuonekana. Mume wangu alikuwa amekwishaanza peke yake na jembe, jasho likimtoka, Adolphe alipofika na beleshi. Hakuomba ruhusa. Alishuka shimoni.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, ardhi ngumu kama tofali. Alichimba hadi alasiri na akakataa kupokewa. Alinyoosha kuta, akasawazisha chini, akaokota kokoto moja moja akazitupa nje. Nisiwe mwongo, lilikuwa kaburi zuri. Nilisimama juu nikimtazama na kufikiri kwamba mikono hiyo ilijua kazi, na siku ile haingeshindwa kung'oa majani ya kumfunika Baba.

Tulipokwisha kufukia, ikabaki desturi ya mwisho. Kwetu, aliyechimba kaburi haondoki na udongo wake, na hajinawishi mwenyewe. Mwenye msiba ndiye anayemmwagia maji mikononi. Nilimnawisha mume wangu kwanza. Kisha Adolphe akaja mbele yangu, akanyoosha mikono.

"Nathalie," alisema kwa sauti ya chini, "weye ulishanisamehe zamani."

"Nilisamehe ile ulisema," nilimjibu. "Haukusema kitu."

"Na ile nimesema sasa?"

"Ile ulimuambia Mama. Ilikuwa ya Mama."

Hakuondoa mikono, na desturi ni desturi. Niliinua dumu nikammwagia. Udongo ulikuwa umeingia hadi kwenye kucha, ukatoka polepole. Niliendelea kumwaga mpaka mikono ikatakata.

Hapo nyuma yangu mtu akapiga kofi, na mwingine, na mwanamke akapiga kigelegele. "Haleluya!" walisema. "Bamepatana! Kwenye kaburi la mama yake, bamepatana!" Wanakwaya walipata cha kufanya na midomo yao, wimbo ukaanza. Adolphe aliinua uso, na nikaona anaanza kutabasamu.

Niliweka dumu chini.

"Munyamaze," niliwaambia. "Hii ni mayi tu."

Wimbo ulikatika. Adolphe alibaki na mikono mbele kwa muda, ikidondosha maji, kisha akaifuta kwenye suruali na kwenda kuchukua beleshi lake.