Upepeo wa Sandali

Mume wangu Msabaha si mtu mbaya. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kutua. Angekuwa mwizi ningemwita mwizi, nikapumua.

Kabla ya harusi yetu, mama alinitumia kutoka Unguja upepeo wa mkono wa mti wa sandali. Ulichongwa huku huku China, mjini Guangzhou ninakoishi, karne ya kumi na tisa, enzi ambazo mabibi harusi wa nchi za mbali waliagiziwa pepeo za hapa. Kwetu ulianza na bibi wa bibi yake mama. Kila bibi harusi wa ukoo hujifunika nao uso mpaka mume aingie kumpa mkono, na kesho yake jina lake huchongwa kwenye ubavu mmoja, kijiti bapa kimoja cha upepeo. Ulibaki ubavu mmoja mtupu. Nilishapita arobaini, ubavu ule ulinisubiri kuliko mwanaume yeyote. Mama, ambaye magoti hayamruhusu kusafiri, aliomba kitu kimoja tu: anione kwenye simu nimeushika.

Utepe unaounganisha mbavu ulikuwa umeoza. Msabaha, ambaye tunauza naye vifaa vya harusi pale soko la Sanyuanli, akasema ataupeleka kwa fundi mtaa wa Kangle. Nikampa. Kila nikiuliza, naambiwa fundi anamalizia. Mwisho nikaenda mwenyewe.

Niliukuta mezani, vipande vipande. Mbavu nyingine zimepasuliwa kupima unene, nyingine zimegandishwa ubaoni kwa gundi ili zichorwe. Msabaha hakuupeleka kutengenezwa. Aliupeleka kama sampuli! Na hakuna mfanyabiashara wa mji huu asiyejua kwamba sampuli ikiingia karakana haitoki nzima. Iwe kiatu, iwe mkoba, hufumuliwa ndipo kiolezo kipatikane.

"Laoban, nirudishie hivyo hivyo ulivyo," nilimwambia bosi wa karakana.

"Meiyou," alijibu, yaani hakuna, akanionyesha pipa la taka ambako nusu yake ilikwisha tupwa.

Jioni ile Msabaha aliniletea upepeo wa plastiki, rangi ileile ya sandali.

"Usilie bwana, Hasna. Huu hauvunjiki. Oda ishatoka, kontena zima. Kila bibi harusi wa Dar ataushika."

Niliufungua. Majina ya bibi zangu wote yalikuwemo, yamechapwa, na yatakuwemo kwenye kila upepeo wa kontena lile. Kwenye ubavu wangu, ule mtupu, alikuwa amechapa namba yake ya simu.

"Sasa wateja watanipataje?" aliuliza nilipomwonyesha namba ile, na alikuwa ameshangaa kweli.

Nilimtukana mpaka majirani wakafungua milango. Nikamwambia ndoa hakuna. Kisha nikampigia mama nimweleze, naye hakunipa nafasi. Alikuwa amezunguka mtaa mzima kutangaza, ameshona nguo mpya, anacheka kama msichana. Alinisihi upepeo niushike juu kidogo ili auone vizuri. Nikasema sawa, mama.

Harusi ikafanyika. Nilikaa kwenye ukumbi wa mgahawa nimejifunika uso kwa plastiki inayonuka rangi mbichi, roho inaniuma, huku rafiki yangu Swalha ameielekeza simu kwangu. Mama akatazama. Akapiga kigelegele, kikakatika katikati, akaanza kulia.

"Ndio wenyewe," alisema. "Namwona bibi yangu hapo, Hasna. Taratibu mwanangu, usije ukauvunja."

Msabaha akaingia, kanzu inang'aa. Akainama sikioni kwangu, na furaha yake ilikuwa ya dhati kabisa.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Hata mama hajatambua."

Akaninyooshea mkono. Nikaushusha upepeo, nikaupokea mkono wake, nikatabasamu, kwa sababu mama alikuwa anatazama.