Kitenge Mlangoni mwa Wodi

Kwa elimu, hakuna bibi wa kunishinda kuanzia hapa hadi Biharamulo mjini. Nilifika darasa la saba. Haya, la nne nililisoma mara mbili, na la saba nilifika siku moja, kumpelekea mwalimu maharage.

Lakini macho ninayo. Jumatano, siku ya kliniki, niko kwenye foleni na mjukuu mgongoni, nikamwona muuguzi Domisiana anapeleka sindano kwenye paja la mtoto wa Joyceline. Paja lile lile alilolichoma punde tu! Nikamdaka mkono.

"Mwanangu, huyu umeshamchanja."

Akaitazama sindano, akamtazama mtoto, machozi yakamtoka. Mwenzake kaenda semina. Siku ya sita sasa yeye ndiye mchana, yeye ndiye usiku.

"Nenda kalale."

"Bibi, mganga mfawidhi atanifukuza kazi."

"Atanikuta mimi."

Nikamsukumia wodini, nikatundika kitenge mlangoni kama tufanyavyo mama anapojifungua, mwanamume asipite. Nikakaa kizingitini, miguu nimeinyoosha.

Saa nne pikipiki ikaingia. Mfawidhi Renatus mwenyewe, mkuu wa zahanati yetu, shati limepigwa pasi, macho meupe kama ya mtoto aliyeshiba.

"Shikamoo bibi. Nani anajifungua?"

"Marahaba. Muuguzi wako."

"Domisiana? Mbona hana mimba!"

"Anajifungua usingizi. Wa siku sita, mkubwa huo, unatoka polepole."

Foleni ikaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Kulala kazini! Namwandikia barua, aondoke leo hii."

"Andika. Anza na jina langu, mimi ndiye niliyemlaza."

"Na langu," akasema Joyceline, mtoto yuko titini. "Nusura amchome mwanangu mara mbili, na bado nasema alale. Akiamka atachoma vizuri."

"Andika Avelina!"

"Andika Frida, na hatuondoki!"

Renatus akainua mikono. "Jamani, kwani mimi sichoki? Jana usiku nimekesha hapa hapa, nimezalisha mtoto wa kiume, kilo tatu. Mbona mimi silali?"

Kutoka wodini akaja Magdalena, mke wa Protasi, anatembea kwa kujishika kiuno, kichanga kifuani.

"Shikamoo daktari," akasema kwa sauti ya chini, asimwamshe aliyelala. "Aliyejifungua jana usiku ni mimi peke yangu. Huyu ni wa kike. Na wewe ndiyo kwanza nakuona."