Ukishamwita, Lazima Utupe

Wee, nani kakwambia tuliacha kuvua na pomboo? Hatukuacha sisi, mjukuu wangu, tuliachishwa. Sogea huku, moshi unakuingia machoni.

Unamjua yule mzee anayechonga miiko ya kupikia pale mtoni? U Ba Nyo. Basi yule ndiye aliyekuwa mwita pomboo wa kijiji hiki, kama baba yake. Anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kijiti, ko-ko-ko, huku analia kooni kama njiwa. Pomboo wanakuja, wanawaswaga samaki mpaka kwenye mtumbwi, halafu mmoja anainua mkia na kupiga maji. Hiyo ndiyo ishara, tupa kimia. Wanaochomoka kwenye wavu ni wao. Haki yao.

Na mwiko ni mmoja tu. Ukishamwita na mkia akainua, lazima utupe. Usipotupa umemdanganya, na pomboo aliyedanganywa harudi, wala watoto wake.

Ndipo akaja Ko Zeya, yule tajiri mwenye boti, na vijana wake wa kuvua kwa umeme wa betri. Waya mmoja majini, mwingine kwenye upondo, kinachopita hapo kinaelea. U Ba Nyo akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kulalamika.

"Umewaona kwa macho yako, mzee?"

"Nimewaona. Wa Ko Zeya."

"Basi hujaona vizuri," mwenyekiti akasema, akatema tambuu. "Ko Zeya ndiye aliyetutilia bati la shule."

Yakaishia hapo. Tena nimeruka, ngoja. Yule mama pomboo mwenye pengo kwenye pezi tulikuwa tunamwita Shangazi, na mwaka ule alikuwa na mtoto. U Ba Nyo alimpenda yule mtoto! Mke wake, Daw Ohn, alikuwa anamtania, "Wa kwako wa kuzaa hukuwasifia hivyo."

Basi tukasikia mkaguzi anakuja kutoka mjini. Akiwaona pomboo kwa macho yake, betri marufuku kipande chote hiki cha mto. Asipowaona, basi, kila mtu avue anavyojua.

Asubuhi ile Daw Ohn akamtolea mumewe shati la vifungo, la kuendea kwa watawa.

"Pomboo hatazami vifungo, mama."

"Mkaguzi anatazama. Vaa."

Mkaguzi akapanda boti la Ko Zeya, akafunguliwa mwavuli. Mimi nilikuwa nyuma ya mtumbwi wa U Ba Nyo, nimeshika kafi. Akagonga. Akalia kama njiwa. Mto kimya. Akagonga tena, jua likapanda, shati likamganda mgongoni.

"Mzee, labda wamelala," Ko Zeya akapaza sauti. "Hebu gonga na kichwa!"

Mkaguzi mwenyewe akacheka. U Ba Nyo hakugeuka. Aligonga mpaka kijiti kikamchubua kidole.

Halafu tukasikia, pfuu. Pumzi. Shangazi huyo, lile pengo lake juu ya maji, peke yake, anakuja polepole, anasukuma kitu mbele yake. Maji yalikuwa tope tupu, hatukuona ni nini.

"Huyo! Huyo, mkuu!" U Ba Nyo akamwonyesha kwa kijiti, furaha tele. "Si mnamwona?"

"Namwona," mkaguzi akasema, na akasimama.

Shangazi akafika ubavuni petu. Akainua mkia, akapiga maji.

U Ba Nyo akatupa. Mikono yake ilikuwa inaujua ule mkia tangu ujana. Kimia kikafunguka vizuri, duara kamili, kikazama. Akavuta. Kizito. Akavuta, uso ukaanza kumbadilika kabla hakijafika juu.

Alikuwa yule mtoto, kakakamaa kama gogo. Harufu ikatupiga.

"Kumbe mnaowaua ni nyinyi," mkaguzi akasema.

"Mkuu, amekufa tangu jana, nusa mwenyewe! Mama yake ndiye kamleta. Ni umeme, mkuu, muulize huyo hapo..."

"Mimi naona wavu, mzee. Na kwenye wavu naona mtoto wa pomboo."

"Mkuu, ningetupa mbele yako?"

"Umetupa mbele yangu."

Ko Zeya alikuwa anatia tambuu nyingine mdomoni.

Mkaguzi akatoa amri palepale, vimia marufuku kipande chote hiki, ili pomboo walindwe. Adhuhuri vijana wa Ko Zeya wakapita nyumba kwa nyumba kuvikusanya, maana wao ndio waliokuwa na boti. Cha U Ba Nyo kilichukuliwa bado kinachuruzika maji.

Nyumbani kwa mwenyekiti chakula kilikuwa tayari. Daw Ohn na wenzake walikuwa jikoni tangu asubuhi, wali na samaki wa ukwaju. Samaki kaleta Ko Zeya. Ukimpasua, damu imevilia kwenye uti wa mgongo, na uti wenyewe umekatika vipande, kama samaki wote wa betri.

"Samaki wenu laini," mkaguzi akasema, anajilamba vidole. "Hata miiba haisumbui."

Pale chini, kwenye ngazi za mtoni, Shangazi alikuwa bado anapumua. Pfuu. Kimya. Pfuu. Tulimsikia sote. U Ba Nyo alikuwa amesimama mlangoni na shati lake la vifungo, limelowa tope.

"Mzee, unatuzibia upepo," Ko Zeya akamwambia. "Kaa ule, bwana. Leo tumewaokoa pomboo."

Daw Ohn akamshika mkono, akampakulia. Tukasogeana kumpa nafasi mkekani, akakaa, na sote tukala.