Kikohozi Katika Sahani ya Mamba

Asubuhi mama mmoja, fundi wa maabara, alifungua kabati la joto akatoa sahani za vioo alizopaka uchafu wa matumbo ya mamba wa mtoni. Bakteria walikuwa wameota vizuri, madoa ya njano yanayong'aa kama mafuta juu ya mchuzi. Kuvu nayo haikuwa nyuma. Katika sahani ya mamba dume wa kwenye kona ya mto, kuvu ya kijivu ilikuwa inakohoa, na kikohozi kilikuwa cha mumewe.

"Pole," alisema, akafuta mvuke kwenye kifuniko.

"Nishapoa. Mama watoto, mbona umekonda hivyo?"

"Na wewe mbona umeota ukungu?"

Wakacheka. Kisha mama wa watu akalia, maana tangu mvua zianze alikuwa hajui amlilie mume au amtukane. Mume ndiye aliyekuwa akiwakamata mamba hao, kuwachukua vipimo na kuwaachia. Siku moja hakurudi, ofisi ikatangaza kwamba ameacha kazi. Mawifi wakasema kamkimbia mke. Binti yao akachukua mkasi, akamkata baba kwenye kila picha.

"Mashua ilikuwa inavuja," kuvu ilisema. "Nilimwambia mkuu. Akasema niende hivyohivyo."

Mkuu wa maabara aliitwa. Akainama, akasikiliza yote, akamjulia hali marehemu kwa heshima zote. Halafu akamgeukia mjane.

"Shemeji, kuvu haiwezi kuwa shahidi. Ofisi imeshasema aliacha kazi, basi. Na sampuli zikishasomwa zinachemshwa, unajua mwenyewe. Leo hii."

Mama hakubishana naye. Alichotaka ni mtoto wake ajue. Binti alipotoka shule akamleta, akamkalisha kwenye stuli mbele ya sahani.

"Shikamoo, baba," binti alisema. Sauti aliijua.

"Marahaba, mwanangu. Sikuwaacha. Nilizama, mamba akanila."

"Wote wanaoacha watoto wana la kusema."

Akabeba begi lake, akatoka.

"Kaenda wapi?" kuvu iliuliza.

Mama aliutazama mlango.

"Kaenda kunawa uso. Amelia sana. Amekuamini."

"Alhamdulillahi. Basi sasa sina neno."

Mama akaipanga sahani pamoja na nyingine ndani ya chungu cha mvuke, akakaza kifuniko, akawasha.